Mpiga Gitaa Aliyetaka Kujua Nani Anasikiliza

Aliogopa radi. Aliogopa mbwa, hata wale waliolala. Aliogopa ngazi zisizo na pa kushika, daktari wa meno, na simu inayoita kwa namba asiyoijua. Mawingu yakianza kunguruma juu ya Kampemba, mtaa wetu wa Lubumbashi, alikuwa anavua saa yake, anafunika nyuzi za gitaa kwa taulo, na kukaa katikati ya chumba mbali na kuta zote nne. Mtaa mzima ulimwita Papa wa Gitaa, na mtaa mzima ulimcheka. Mimi nilimcheka kwa miaka kumi na moja, mpaka siku nilipoogopa kuliko yeye.

Niseme mapema, usije ukadhani nakuchorea mzee wa kuchekesha tu. Kuna mwanamke ambaye maisha yake yako hatarini kwa sababu ya wimbo mmoja wa Papa wa Gitaa, na aliyeutoa wimbo huo hadharani ni mimi. Jina la mwanamke huyo sitaliandika hapa. Mtaani alijulikana kama mama wa nywele, maana alisuka watu kwenye kibanda kando ya bomba la maji. Jina lake la kweli tulilijua watatu tu: yeye, mzee, na mimi.

Mimi nina sekretariati ndogo, yenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na feni moja inayopiga kelele. Watu huja kuchapisha barua za kuomba kazi, kadi za harusi, matangazo ya misiba. Nyumba ya mzee ilikuwa nyuma ya ukuta wangu, kwa hiyo nilimsikia kabla ya kumjua. Asubuhi nyingi nilichapa barua za watu kwa mwendo wa gitaa lake bila kukusudia.

Aliuza nyimbo zake mwenyewe, mkono kwa mkono. Hakuwa na duka. Ulikwenda kwake, ukaketi kwenye benchi uani, naye akakuuliza jina lako, jina la mama yako, unakaa wapi na unafanya kazi gani. Ukirudi baada ya siku mbili alikuwa ameurekodi wimbo upya, na ndani yake unaitwa wewe. Kwetu kutaja majina ndani ya wimbo si jambo geni. Wakubwa hulipa ili watajwe, na tunasema mwimbaji amewatupia libanga. Ila waimbaji wengine humtupia libanga tajiri mmoja katika wimbo mmoja ambao kila mtu ataucheza. Yeye alimtupia kila mnunuzi, awe muuza mkaa au mke wa daktari, na nakala ile ilikuwa ya mtu huyo peke yake.

"Ukinunua kwangu, mi nakujua," aliniambia. "Na we unajua kama mi nakujua. Njo ile unalipa." Yaani ndicho unacholipia.

Hakuishia hapo. Kabla ya kukupa wimbo alikuchezea kwanza, amekukazia macho mpaka mwisho. Ukishika simu yako katikati, alizima. Niliwahi kumwona mwalimu mmoja wa sekondari akirudishwa mara tatu, mtu mzima na kipara chake, kwa sababu alikuwa anajibu ujumbe. Mara ya nne aliiacha simu kwangu, akaenda mikono mitupu, akapewa wimbo wake. Alitoka akifuta macho na kuniambia ni vumbi.

Siku nyingine alikuja bwana mmoja mnene kwa jeep, akataka nakala ishirini awagawie rafiki zake sikukuu.

"Bale bantu makumi mbili, bako wapi?" mzee aliuliza.

"Bale banakuhusu nini? Mi njo nalipa."

"Bakuye. Moya moya. Nibaone."

Yule bwana alicheka mpaka akakohoa, akawasha jeep yake na kuondoka. Mzee alilitazama vumbi mpaka likatulia. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama tu na karatasi zangu, akanifokea kwa kuangalia tu bila kumzuia: "Na we unaangaria paka! Juu ya nini haukunifunga kinywa?" Wiki nzima alikula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, akilalamikia samaki ambao angenunua. Ndivyo alivyokuwa. Alishikilia neno lake kwa meno, halafu akajuta mbele ya watu bila haya yoyote.

Aliyemletea habari za plateforme, yale majukwaa ya mtandaoni ambako watu husikiliza wimbo bila kuununua, ni mpwa wake, baba wa watoto wawili anayeimba rap kwenye sherehe. Alimweleza kwa subira, akimwita Tonton, yaani mjomba. Unaweka wimbo, kila anayeusikiliza anakuletea kitu kidogo sana, na wakiwa wengi kinakuwa kitu cha maana.

"Tonton, dunia muzima itakusikia."

"Dunia muzima njo nani?"

"Bantu! Ba Bruxelles, ba Johannesburg, fasi yote."

"Banaitwa nani?"

Mpwa alinitazama mimi nimwokoe. "Tonton, kule hakuna muntu anauliza jina. Banasikia, banapita."

"Basi iko sawa muntu anasimama nyuma ya dirisha yangu, anasikia, na mi simuone. Apana. Mi niko naogopa."

Tulicheka, mpwa na mimi. Tuliona ni ule woga wake wa kila siku, jamaa ya mbwa na ngazi. Nilijaribu hata mimi kumbishia. Nilimwambia wanunuzi wa benchi wanapungua kila mwaka, na simu za vijana hazina tena pa kuchomeka flash, kile kijiti cha kumbukumbu anachotilia nyimbo. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama nimemwona muuza mkaa wa kona. Nilikuwa nimemwona. Yule muuza mkaa alitunza simu iliyopasuka kioo, isiyopiga wala kupokea, kwa sababu tu wimbo wake ulikuwa humo. Nilipotafuta wimbo niliowahi kuusikiliza mtandaoni na kuutunza hivyo, sikuupata.

Lakini usimfanye mtakatifu. Kila alasiri alikuja ofisini kwangu, akajitandaza mbele ya kompyuta ya pili, na kusikiliza rumba za zamani mtandaoni, za bure, kwa mtandao ninaoulipia mimi.

"Na hao, Papa, banakujua jina?" nilimchokoza.

"Bale balisha kufa. Muntu wa kufa haogopaka muntu wa kusikia."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, akaongeza sauti.

Alikuwa na majivuno yake pia. Hakurekodi bila koti. Joto la mwezi wa kumi limewaka, madirisha yamefungwa ili magari yasisikike, na yeye amevaa koti la kahawia, tai, na leso imechomoza mfukoni. "Sauti inajua kama umevaa," alisema. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu na wimbo ukatoka safi, bila hata pumzi moja iliyokosea. Mimi nilikaa pembeni na nguo zangu za kazi, nikiona aibu bila kujua kwa nini.

Kitu kimoja alikikataa katakata. Nyimbo za kilio aliziimba, na watu wa misiba walimfuata kutoka mbali, ila jina la mtu aliye hai hakuliweka kamwe katika wimbo wa kilio. Kuna mfanyabiashara mmoja mzee aliyetaka kusikia mapema atakavyoimbiwa siku ya kuzikwa. Papa wa Gitaa alimrudishia pesa zake zote, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi ndani na kufunga mlango mchana kweupe.

"Ukilia muntu mwenye anapumua," aliniambia kesho yake, "unaonyesha kifo mulango yake."

Siku hiyo sikumcheka. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na bibi yangu angenipiga kofi kwa kutamka tu jambo kama lile.

Sasa nije kwenye kosa langu. Umeme ulikatika siku moja, ukarudi kwa hasira, ukaunguza kompyuta aliyorekodia mzee. Tangu hapo alirekodi kwangu, saa sita mchana nilipofunga mlango kwa ajili ya chakula. Sharti lake lilikuwa moja tu. Wimbo ukishaingia kwenye flash ya mnunuzi, nifute kilichobaki kwenye mashine.

"Umefuta?"

"Nimefuta, Papa."

"Yote?"

"Yote."

Sikufuta. Sikuwa na nia mbaya. Nilizipenda zile nyimbo, nilizisikiliza saa ambazo hakuna mteja, na niliona ni dhambi kutupa kitu kizuri namna ile. Nilizificha kwenye folda niliyoiita Factures, kwa kuwa nilijua mzee hawezi kufungua kitu chenye jina la ankara.

Mama wa nywele alikuja kununua wimbo wake miaka miwili baada ya kuhamia mtaani. Alikuwa ametoka mji wa Likasi, amemkimbia mumewe, mtu aliyemvunja mkono mara mbili na kumwahidi kwamba mara ya tatu itakuwa shingo. Kwetu alijiita jina lingine. Mimi nilikuwapo siku ile, nimepeleka karatasi za maneno ya nyimbo. Mzee alipomuuliza jina, alitoa lile la uwongo, halafu machozi yakamtoka.

"Papa, kuko ingine. Ya kweli. Inapita miaka mbili, hakuna muntu ananiita nayo."

"Sema ile."

"Itabakia kwangu?"

"Paka kwako, kwako tu, mama."

Aliimbiwa wimbo wa furaha. Mzee aliliita jina lake mara nne, akaliita la mama yake, na kama kawaida yake akaweka mahali: mama wa Kampemba, mwenye kusuka nywele kando ya bomba la maji. Alipoondoka na flash yake alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili. Nakuambia ukweli, ulikuwa wimbo mzuri kuliko zote alizowahi kurekodi, na ndiyo sababu niliutunza.

Kisha ikaja harusi moja mtaa wa Karavia. Walimwalika apige, naye akaenda na koti lake lililopigwa pasi. Alipoanza wimbo wa pili, msimamizi wa sherehe alimwomba apumzike kidogo, wakafungulia nyimbo za simu kwenye spika, na hawakumwita tena. Alikaa saa tatu kwenye kiti cha plastiki karibu na wapishi, gitaa mapajani, akitabasamu kila alipopitiwa na mtu. Mimi nilikuwa pale kwa kuwa niliandika kadi zao. Hasira ilinipanda mpaka nikashindwa kumeza chakula. Nilijiambia, hawa wanacheza muziki wa watu wasiowajua, kwa sababu tu uko kwenye simu. Basi na yeye nitamweka huko, dunia imsikie, atanishukuru baadaye.

Jumatatu nilifungua ukurasa kwa jina lake la kazi, nikafungua folda yangu, nikachagua ule uliokuwa mzuri kuliko zote, nikaupandisha. Sikumuuliza.

Utaniuliza, na jina je? Jibu langu linaniaibisha. Sikulisikia. Hapa kwetu tumezaliwa ndani ya majina. Kila wimbo una mawaziri, wenye maduka, mashangazi wa wenye maduka, na masikio yetu yanawaruka wote. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule pengine mara mia, na jina la yule mama lilikuwa limeyeyuka ndani ya gitaa. Nilipobonyeza kutuma, kitu pekee nilichokiwazia ni kile kiti cha plastiki.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, mama wa nywele aliingia ofisini kwangu na kitana mkononi. Mteja aliyekuwa anamsuka alikuwa ameufungulia wimbo kwenye simu.

"Nilisikia jina yangu mu telefone ya muntu," alisema. "Muntu mwenye simujue."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Nilikaa juu ya boksi la karatasi na kuanza kumwomba msamaha, na hata maneno ya msamaha sikuyamaliza. Niliufuta wimbo mbele yake. Ulichukua siku nne kutoweka, na wakati huo watu walikuwa tayari wametumiana kwenye simu zao. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Ule bwana yangu wa Likasi anapendaka muziki," alisema. "Anasikiaka kila kitu."

Nilimwambia mzee siku hiyo hiyo, nimesimama uani kwake na mikono nyuma. Nilimwambia na habari ya folda. Nilitegemea anifukuze. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Bangapi balisikia?"

"Kupita mia saba, Papa."

"Banaitwa nani?"

Sikumjua jina hata mmoja wao. Ndipo nilipouelewa woga wake, na haukuwa wa kuchekesha hata kidogo. Mchana ule tulimhamisha mama wa nywele kwenda chumba kimoja upande mwingine wa mji. Mimi nilibeba godoro, mzee alibeba sufuria.

Mwanamume mmoja alikuja Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa uani kwa mzee. Alikuwa mtu mpole, shati jeupe, viatu safi ijapokuwa njia yetu ilikuwa tope tupu. Alisalimia kwa heshima, akaketi kwenye benchi.

"Papa, nilikuya kununua wimbo."

"Karibu. Jina yako?"

"Haiko yangu. Iko ya muke yangu." Akalitaja jina lile, lote, na la mama mkwe wake.

Mzee alilivuta gitaa kifuani. Nilijua atasema. Mtu anayemkimbia mbwa aliyelala atasema kila kitu, nilijiambia, na nikaanza kuomba Mungu kimoyomoyo.

"Ulichelewa, mwana yangu," mzee alisema. "Tulisha kumuzika."

"Wakati gani?"

"Inapita mwezi. Malaria. Siku tatu tu."

"Ile wimbo yake iko ya furaha."

"Ile alinunua wakati alikuwa muzima."

Yule mtu alinitazama mimi. Niliinamisha kichwa kukubali. Aliinama akapangusa kiatu chake kwa kidole.

"Banasema kilio yote ya hapa, weye njo unaimba," alisema mwishowe. "Basi uniimbie ya kwake. Kama alikufa, wimbo iko."

Wimbo huo haukuwapo. Mzee alisimama, akaingia ndani. Nilidhani anatoroka kwa mlango wa nyuma, na kusema kweli nilikuwa tayari kumfuata. Alirudi amevaa koti. Aliketi, akafumba macho, akamlilia mwanamke ambaye saa ileile alikuwa hai, labda anafua, labda anamenya viazi, upande mwingine wa mji. Alimwita jina lake. Alimwita tunavyowaita waliokufa, akimuuliza kwa nini ameondoka bila kuaga, nani atafungua kibanda kesho. Machozi yalimtoka mzee, na mimi niliyekuwa najua yote nilijua ni ya hofu. Nikafanya ishara ya msalaba chini ya kitenge.

Yule mtu hakulia. Alivitazama vidole vya mzee tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Muzuri," alisema akisimama. "Muiweke kwa internet, sawa ile ya kwanza. Nitakuwa nasikia kule Likasi."

Sikujua kama alisadiki au alikuwa anatupima. Mpaka leo sijui.

Tulimweleza mama wa nywele. Akasema, "Afazali nikufe kule, nibakie huku." Jumatatu mzee aliurekodi ule wimbo kwangu, amevaa tai, akakosea nyuzi mpaka tukarudia mara tano. Akaniambia mwenyewe, "Tia." Hivyo wimbo pekee wa Papa wa Gitaa ulioko huko kwa ridhaa yake ni kilio cha mtu aliye hai. Aliniambia hajalala tangu auimbe, na kwamba kila akikohoa mama wa nywele, yeye anahesabu ni kosa lake.

Ukurasa wa mwimbaji huonyesha msikilizaji yuko mji gani. Kila asubuhi nilifungua kabla ya kuwasha hata fotokopi. Kilio kile hakuna aliyekitafuta ila msikilizaji mmoja, Likasi. Mara sita kwa siku, mara nane. Niliogopa kuliona jina la mji ule na niliogopa zaidi kutoliona, maana akiwa Likasi hayuko hapa. Mzee alifika kabla ya kunywa chai, akasimama mlangoni.

"Iko?"

"Iko Likasi, Papa."

"Asante, ma fille, binti yangu."

Kompyuta ya pili hakuigusa tena. Rumba zake aliziacha.

Asubuhi moja Likasi haikuwapo. Palikuwa na msikilizaji mmoja, na mji ulikuwa Lubumbashi. Nilimsomea mzee. Hakuniuliza mara mbili. "Funga bureau. Tuende." Tulichukua teksi, naye njia nzima alishika mlango kana kwamba utafunguka. Tulipogonga, palikuwa kimya, tukagonga tena, na mimi nikaanza kulia pale mlangoni. Mama wa nywele akafungua. Alikuwa mzima, simu mkononi, na ndani ya simu sauti ya mzee inamlilia.

"Ni weye?" nilimuuliza. "Ni weye uko unasikia?"

"Tangu jana." Aliona aibu. "Jina yangu imebakia paka fasi hii."

Nilikaa chini kizingitini nikacheka, nikacheka kwa nafuu mpaka mbavu zikauma. Mzee hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa.

"Kama huyu wa hapa njo yeye," alisema, "ule wa Likasi iko wapi?"

Alimpokonya ile simu, akaizima, akatoa kadi yake na kuivunja. Na simu yake mwenyewe akaizima. Alimwambia afunge vitu vinavyobebeka. Akarudi kwake kuchukua gitaa na koti, akafika tena kwa teksi nyingine, na yote hayo hayakuchukua saa moja na nusu. Mtu niliyemjua asiyevuka barabara bila kushikwa mkono alikuwa anatoa amri, na uso wake ulikuwa umejaa jasho la hofu wakati wote. Nilibeba mzigo wa mwisho mpaka kwenye gari.

"Munaenda wapi, Papa?"

Alitikisa kichwa.

"Apana, mutoto yangu."

"Nitafunga kinywa. Naapa."

"Najua utaapa. Ile siku pia ulisema umefuta."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Alitoa leso mfukoni, akanipangusa uso pale mbele ya dereva. Kisha akaketi kando ya mama wa nywele, akakumbatia gitaa, gari likaondoka. Sikuangalia hata linaelekea upande gani, niliogopa kujua.

Siku zikapita, Likasi haikurudi kwenye ukurasa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mwanamume mwenye shati jeupe aliyeingia kuomba fotokopi alinifanya niangushe kitu. Nilimwona yule mtu sokoni, nikamwona kanisani, nikamwona kwenye kila teksi, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Nilimwazia akizunguka miji na kubisha milango, na upande mwingine wa mlango mmojawapo yupo mzee mwoga na mwanamke ambaye nimemvua jina.

Jana asubuhi Likasi ilirudi. Msikilizaji mmoja, mara saba. Leo tena, mara saba. Huenda alikuwa mgonjwa, huenda simu yake ilikuwa kwa fundi. Yuko kwake, anasikiliza, hajaenda popote. Nilipiga simu ya mzee, imezimwa. Nilikwenda kwa mpwa, hajui lolote, alidhani mimi ndiye ninayejua. Mahali fulani watu wawili wanakaa nyuma ya mlango uliofungwa, wanashtuka kila hatua inapopita nje, na mimi ndiye mtu pekee duniani anayejua kwamba leo wangeweza kufungua dirisha. Sina pa kuwaambia.